Uwezekano, Nasibu na Vigeu Fiche: Istilahi za Upimaji katika Fizikia ya Kwanta

UTANGULIZI

Miongoni mwa miswada iliyopata kuletwa mezani petu ili ikaguliwe usahihi wa istilahi zake, mmoja ulikuwa tafsiri ya makala kuhusu Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2022. Mfasiri wake alikuwa mtu mwangalifu. Kiswahili chake kilikuwa fasaha na sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo, katika aya moja tulikuta neno *uwezekano* limetumika mara nne kwa maana tatu mbalimbali, na aya hiyo ikamalizika kwa kauli kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa katika maumbile hakuna lililofichika, na kwamba mambo hutokea kwa bahati tu. Kauli hiyo si ya kweli, wala haikuwamo katika matini ya asili. Iliingia kwa njia ya istilahi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kosa la namna hiyo linavyotokea, na kupendekeza istilahi zitakazomfaa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali ambaye hupewa kazi ya kuandaa mihtasari ya masomo au taarifa za sayansi kwa umma. Hatudai kufundisha fizikia yote ya kwanta. Kazi hiyo ni ya wenyewe. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba katika uwanja huu kuna mgogoro wa zaidi ya miaka tisini juu ya asili ya uwezekano, na kwamba mtu anayechagua neno bila kuujua mgogoro huo huenda akauamua kabla msomaji wake hajapata hata kuusikia.

1. MANENO TULIYO NAYO

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutajia jambo ambalo binadamu hawezi kulijua kabla halijatokea. Tuna *bahati*, *nasibu*, *sudi*, *kudra*, *majaliwa* na *sadfa*. Tena tuna kitenzi *wezekana* na jina lake *uwezekano*. Yafaa tuyatazame kwa makini, maana si visawe.

*Nasibu* limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni fungu, yaani sehemu aliyokatiwa mtu. *Kudra* na *majaliwa* humrejesha msikilizaji kwa Mwenyezi Mungu aliyekadiria na kujalia. *Bahati*, ambalo asili yake ni Kiajemi, nalo hutumika kana kwamba kila mtu amebeba yake tangu kuzaliwa. Ndiyo maana twasema fulani ana bahati, au hana. Katika yote hayo mna wazo moja: jambo limekwisha kukatwa mahali fulani, ila sisi hatujaonyeshwa. Mtu anayenunua tiketi ya kukwangua huwa na matumaini na wasiwasi, ilhali namba iliyo chini ya utando ilikwisha kuchapwa siku nyingi. Kinachokosekana ni kujua kwake tu. *Sadfa* pekee ndilo linalokaribia maana ya mambo kukutana pasipo kupangwa.

*Uwezekano*, kwa upande wake, hueleza kwamba jambo halina kizuizi. Tukisema yawezekana mvua ikanyesha, hatujasema ni kwa kiasi gani. Lakini hisabati hudai namba: sifuri kwa jambo lisilowezekana kabisa, moja kwa jambo la yakini, na sehemu za katikati kwa mengineyo. Hapa ndipo mchanganyiko wa kwanza unapotokea, kwa sababu neno moja hubebeshwa hali ya kuwezekana na pia namba inayoipima hali hiyo. Tunapendekeza *uwezekano* libaki kwa hali yenyewe, na namba iitwe *kima cha uwezekano*. Hivyo mwalimu ataweza kusema bila utata kwamba dadu lina matokeo sita yenye uwezekano, na kwamba kima cha uwezekano wa kila moja ni 1/6.

2. KIMA KINACHOTOKANA NA KUTOJUA

Kwa muda wa zaidi ya karne moja wataalamu wa fizikia hawakuona tatizo katika asili ya namba hizo. Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila chembe na kani zote zinazoisukuma ingeweza kuyajua yajayo yote kama ijuavyo yaliyopita. Kwa akili hiyo kusingekuwa na bahati. Sisi hutumia vima vya uwezekano kwa kuwa hatuna akili ya namna hiyo. Shilingi iliyorushwa hewani huanguka kwa kufuata mwendo wake, uzito wake na upepo. Tungeyajua yote hayo, tungejua upande utakaotokea.

Kima cha namna hii tunaweza kukiita *kima cha kutojua*. Hakielezi shilingi, chaeleza upungufu wa habari alizo nazo mwenye kuitazama. Msomaji ataona kwamba maneno yetu ya zamani, yaani *nasibu* na *bahati*, yanakaa vizuri sana katika mazingira haya. Fungu limekatwa, mwenye fungu bado hajafunuliwa.

3. MWAKA 1926

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitunga mlinganyo wa wimbi unaoeleza elektroni na chembe nyingine za atomu. Mlinganyo huo wenyewe hauna bahati ndani yake: wimbi la sasa likijulikana, wimbi la baadaye huwa limekwisha kuamuliwa. Tatizo lilikuwa kueleza wimbi hilo ni la nini. Katika mwaka huo huo Max Born, aliyekuwa Göttingen huko Ujerumani, alitoa jibu ambalo hutumika hadi leo: wimbi hutupatia kima cha uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Kuna jambo ambalo kila mhariri atalithamini katika historia hiyo. Katika makala yake ya kwanza Born aliandika kwamba wimbi lenyewe ndilo kima. Kisha, alipokuwa akisoma prufu, aliongeza tanbihi kwamba kima kinapatana na kipeo cha pili cha wimbi. Kwa hiyo kanuni inayotegemewa na fizikia yote ya kwanta iliingia duniani kwa tanbihi ya masahihisho. Born alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Sasa kima hiki ni cha kutojua, au ni cha namna nyingine? Tuchukue radiamu-226. Nusu ya viini vya atomu zake huvunjika katika muda wa karibu miaka 1,600. Viini viwili vinaweza kuwa vya namna moja katika kila jambo linalojulikana na fizikia, na hata hivyo kimoja kikavunjika leo na kingine kikadumu miaka elfu tano. Ukiuliza kwa nini hiki na si kile, nadharia ya kwanta haina jibu, wala haidai kuwa nalo. Kwa maoni yaliyoenea upesi miongoni mwa wanafizikia wa wakati ule, hakuna fungu lililokatwa. Kima cha uwezekano ndio mwisho wa maelezo.

Albert Einstein hakukubali. Katika barua aliyomwandikia Born mwezi Desemba 1926 alisema kwamba nadharia hiyo inaleta mengi, lakini haitusogezi karibu na siri ya Mwenye ulimwengu, na kwamba yeye ana yakini kuwa Huyo hachezi dadu. Wengi huisimulia kauli hiyo kama mzaha. Kwa hakika lilikuwa dai la kisayansi: kwamba nadharia haijakamilika, na kwamba nyuma ya vima vya Born kuna mambo ambayo bado hayajaandikwa katika mlinganyo.

Kwa hiyo istilahi ya pili inahitajika hapa. Tokeo ambalo halikuamuliwa na chochote kilichokuwapo kabla yake haliwezi kuitwa la kutojua, kwa kuwa hapana kilichokuwapo cha kujulikana. Tunapendekeza hali hiyo iitwe *unasibu*, kwa sharti kwamba maana yake ifafanuliwe mara ya kwanza linapotumika, kwa sababu, kama tulivyoona, *nasibu* kwa asili yake huelekea upande wa Einstein.

4. VILIVYOFICHWA, VILIVYOJIFICHA AU VILIVYOFICHIKA?

Mambo yale ambayo Einstein aliyadhania huitwa katika vitabu kwa jina ambalo wafasiri wetu wamelitafsiri kwa njia nyingi. Neno la kwanza si tatizo: *kigeu* ni kiasi kinachoweza kubadilika thamani, na mwalimu wa hisabati analifahamu. Tatizo ni kivumishi. Tukisema *vigeu vilivyofichwa*, kauli ya kutendwa hutufanya tumtafute aliyeficha. Tukisema *vilivyojificha*, tumevipa nia. *Vilivyofichika* haina makosa hayo, lakini ni ndefu kwa istilahi itakayorudiwa mara ishirini katika ukurasa. Tunapendekeza *vigeu fiche*, kwa kuwa *fiche* hutaja hali bila kutaja mtendaji.

Historia ya vigeu hivi ina somo kwa wafasiri. Mwaka 1927, katika mkutano wa Solvay uliofanyika Brussels, Louis de Broglie wa Ufaransa alieleza wazo la chembe inayoongozwa na wimbi. Wazo hilo lilipingwa, naye akaliacha. Mwaka 1932 John von Neumann alichapisha kitabu kwa Kijerumani, na ndani yake mlikuwa na hoja iliyochukuliwa kuwa uthibitisho kwamba vigeu fiche haviwezekani. Mwaka 1935 Grete Hermann, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Ujerumani, alionyesha kwamba hoja hiyo imejengwa juu ya sharti lisilo la lazima. Maandishi yake hayakusikilizwa kwa miaka mingi. Watu waliendelea kusema imethibitishwa, na neno hilo likafunga mlango.

Mwaka 1952 David Bohm aliufungua. Alichapisha nadharia kamili yenye vigeu fiche, nayo ikatoa matokeo yale yale ya fizikia ya kwanta ya kawaida. Jambo lililosemwa haliwezekani likawa limefanyika. Kijana mmoja kutoka Belfast, John Bell, aliyasoma maandishi ya Bohm akashangaa: ikiwa Bohm amefaulu, von Neumann alikosea wapi? Lakini Bell hakujua Kijerumani, na kitabu cha von Neumann kilikuwa bado hakijafasiriwa. Ilimbidi aelezwe yaliyomo na mwenzake aliyeijua lugha hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1955, miaka 23 baada ya kitabu chenyewe. Hatimaye, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1966, Bell alionyesha kosa lile lile ambalo Hermann alilionyesha mwaka 1935. Anayedhani kwamba ufasiri wa vitabu vya sayansi ni kazi ya kusubiri na alitafakari jambo hilo.

5. WANAFUNZI WAWILI NA MASWALI MATATU

Kazi kubwa zaidi ya Bell ni ile aliyoichapisha mwaka 1964. Kiini chake kinaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi, nasi tunaieleza kwa mfano wa darasani ili mwalimu aweze kuutumia.

Mwalimu ana wanafunzi wawili. Anawaweka katika vyumba viwili vilivyo mbali, nao hawawezi kupashana habari. Ana maswali matatu, kila moja la kujibiwa ndiyo au hapana. Katika kila duru humwuliza kila mwanafunzi swali moja tu, lililochaguliwa hapo hapo kwa kutupa dadu, na hakuna mwanafunzi anayejua mwenzake ameulizwa lipi. Baada ya kila duru wanafunzi hukutana, kisha hutengwa tena. Duru zikirudiwa mamia ya mara, mwalimu agundua kwamba kila walipoulizwa swali moja, majibu yao yalifanana bila kukosa hata mara moja.

Mwalimu yeyote atasema kwamba wamepatana. Kabla ya kutengana, kila mmoja ameweka mfukoni orodha ya majibu matatu, na orodha hizo mbili ni sawa. Orodha hiyo ndiyo kigeu fiche. Mwalimu haioni, lakini ndiyo inayoamua.

Sasa tuhesabu. Majibu ni ya aina mbili tu, na maswali ni matatu. Kwa hiyo katika orodha yoyote ile ni lazima walau majibu mawili yafanane. Jozi za maswali tofauti ni tatu: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la kwanza na la tatu. Basi katika kila orodha walau jozi moja kati ya tatu ina majibu yanayofanana. Hivyo wanafunzi wanapoulizwa maswali tofauti, majibu yao yatafanana, kwa wastani, walau mara moja katika kila mara tatu. Wanaweza kubadilisha orodha kila duru wapendavyo. Chini ya theluthi hawawezi kushuka.

Badala ya wanafunzi, tuweke fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, zilizotoka pamoja katika hali ambayo Schrödinger aliipa jina mwaka 1935, nasi tunaiita *mfungamano*. Badala ya maswali, tuweke vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema katika uelekeo mmoja tu, kama vile vitumikavyo katika baadhi ya miwani ya jua. Maswali matatu ni mikao mitatu ya kichujio: nyuzi 0, nyuzi 60 na nyuzi 120. Jibu ni kupita au kutopita. Vichujio vikikaa sawasawa pande zote mbili, fotoni hutoa jibu moja daima. Vikitofautiana, kanuni ya Born hubashiri kwamba majibu yatafanana mara moja katika kila mara nne.

Robo ni ndogo kuliko theluthi. Hakuna orodha inayoweza kuleta robo. Kwa hiyo ama fizikia ya kwanta imekosea katika hesabu yake, ama fotoni hazikubeba orodha ya majibu iliyotungwa pale zilipoachana. Jambo ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa mjadala wa wanafalsafa likawa jambo la kuamuliwa katika maabara.

6. MAAMUZI YA MAABARA

Vyombo vya kweli havina ukamilifu wa mfano wetu, na kwa hiyo mwaka 1969 Clauser, Horne, Shimony na Holt waliiandika hoja ya Bell kwa namna inayovumilia kasoro za vyombo. Kwa hesabu yao, orodha za aina yoyote haziwezi kuvuka namba 2, ilhali fizikia ya kwanta inaweza kufika karibu 2.83.

John Clauser na Stuart Freedman walifanya jaribio la kwanza huko Berkeley, California, na kulichapisha mwaka 1972. Clauser alitarajia kuikuta fizikia ya kwanta imekosea. Matokeo yake mwenyewe yakaiunga mkono. Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake huko Orsay, Ufaransa, walibadilisha mikao ya upimaji wakati fotoni zikiwa bado njiani. Mwaka 1998 kikundi cha Anton Zeilinger huko Innsbruck, Austria, kiliwaweka wapimaji umbali wa meta 400. Mwaka 2015 kikundi cha Delft, Uholanzi, kilitumia elektroni zilizotengana kwa kilometa 1.3, kikaziba mianya mikubwa iliyobaki katika majaribio ya awali. Duru 245 zilitoa thamani ya 2.42, na kosa linalokadiriwa ni 0.20. Vikundi vingine viwili, kimoja Vienna na kingine Boulder huko Marekani, vilifikia uamuzi huo huo katika mwaka huo huo. Ndiyo kazi iliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022. Bell alikwisha kufariki mwaka 1990.

7. KILICHOTHIBITISHWA NA KISICHOTHIBITISHWA

Sasa twaweza kurudi kwa mfasiri wetu. Je, majaribio haya yamethibitisha kwamba hakuna lililofichika? Hapana. Hoja ya orodha ilisimama juu ya masharti, na moja lilikuwa kwamba wanafunzi hawapashani habari. Sharti hilo tunapendekeza liitwe *umahali*: kitu huathiriwa na kilicho mahali pake tu, na hakuna athari inayofika mbali kwa mwendo unaoushinda ule wa mwanga. Sharti jingine ni kwamba maswali huchaguliwa bila kutegemea orodha. Kilichokataliwa na maabara ni vigeu fiche *vyenye umahali*. Mfasiri anayeliacha neno hilo la mwisho, labda kwa kuona kwamba linairefusha sentensi, ameandika uongo.

Nadharia ya Bohm haina umahali, na kwa hiyo haikuguswa. Ndani yake kila chembe ina mahali pake daima, na kila tokeo limeamuliwa na mahali chembe ilipoanzia. Vima vya Born vinarudi kuwa vima vya kutojua, kama vile vya shilingi ya Laplace. Gharama yake ni kukubali kwamba chembe zilizo mbali huathiriana papo hapo, ijapokuwa athari hiyo haiwezi kutumiwa kupelekeana ujumbe. Kwa upande wa pili wako wanaoshika kwamba unasibu ni wa asili. Miongoni mwao ni Ghirardi, Rimini na Weber, ambao mwaka 1986 walipendekeza kwamba wimbi lenyewe hujikusanya kwa unasibu, pasipo kungoja mpimaji. Tena wako wanaomfuata Hugh Everett, aliyependekeza mwaka 1957 kwamba matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Kwa hao hata neno *uwezekano* ni kitendawili, kwa maana kama yote yatatokea, kima hupima nini?

Basi asili ya uwezekano katika upimaji wa kwanta haijaamuliwa. Makao yake ni ama kutojua kwetu, ama maumbile yenyewe, ama matawi ya Everett. Maabara imefunga njia moja, iliyokuwa pana na yenye kupendeza, na kuziacha nyingine wazi.

8. NENO 'KUPIMA'

Limebaki neno ambalo msomaji huenda hakulitilia shaka. Anayepima kilo ya sukari hupima uzito uliokuwapo kabla ya mizani. Kitenzi *pima* kimebeba dhana hiyo ndani yake. Lakini katika mfano wetu wa darasani, mwanafunzi asiye na orodha hulipata jibu pale anapoulizwa. Kwa wanaoshika unasibu wa asili, upimaji wa kwanta hufanana na ulizo la namna hiyo kuliko na mizani.

Bell mwenyewe aliona hatari hiyo. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1990, mwaka wa kufa kwake, alipendekeza kwamba neno la kupima lipigwe marufuku katika maelezo ya misingi ya fizikia, pamoja na maneno mengine kama vile chombo, mazingira na habari. Alisema maneno hayo yana matumizi yake halali, lakini hayafai kusimama katika nadharia inayodai usahihi, kwa kuwa hayasemi kitendo hicho kinaanza wapi na kinaishia wapi. Alilalamikia pia jina la vigeu fiche. Katika nadharia ya Bohm, alisema, vigeu hivyo ni mahali pa chembe, na hayo ndiyo mambo tunayoyaona kwa macho. Linalojificha ni wimbi. Huyu alikuwa mtaalamu wa fizikia akifanya kazi ya wanaistilahi, na aliifanya vizuri.

Kiswahili kinaweza kusaidia hapa kwa minyambuliko yake. *Upimaji* libaki kwa kitendo, *kipimio* kwa chombo, *tokeo* kwa jibu lililopatikana, na *kipimo* kwa kizio tu, kama vile meta au gramu. Kiasi kinachoweza kupimwa kiitwe *kipimika*, maana kauli ya kutendeka hueleza kwamba kitu chakubali kupimwa, haielezi kwamba thamani yake ilikuwapo kabla. Bell aliunda neno lake mwenyewe, kutokana na kitenzi cha kuwa, kwa ajili ya vile ambavyo nadharia hudai vipo, vipimwe au visipimwe. Tulifikiria *kiwapo*, lakini tukaliacha kwa sababu msomaji angeweza kulichukua kwa maana ya 'ikiwa kipo'. Tunapendekeza *kilichopo*.

Hali kadhalika kanuni ya Werner Heisenberg ya mwaka 1927. Kiingereza kimezoea kuiita kanuni ya kukosa hakika, nasi tumerithi jina hilo. Wajerumani leo huiita kwa neno lenye maana ya kukosa ukali, kama picha isiyoonekana vizuri kingo zake. Kukosa hakika ni hali ya mtu. Kukosa ukali ni hali ya kitu. Tunapendekeza *kanuni ya kutobainika*, ambayo haimlazimishi msomaji kuchukua upande.

9. MUHTASARI WA MAPENDEKEZO

Uwezekano: hali ya jambo kutokuwa na kizuizi cha kutokea.
Kima cha uwezekano: namba kati ya 0 na 1 inayoupima uwezekano.
Kima cha kutojua: kima kinachotokana na upungufu wa habari za mtazamaji.
Unasibu: hali ya tokeo kutoamuliwa na chochote kilichokuwapo kabla yake.
Kigeu fiche: kiasi kisichomo katika wimbi la kwanta, kinachodhaniwa kushiriki katika kuamua tokeo.
Umahali: sharti kwamba athari haziendi kwa mwendo unaoushinda ule wa mwanga.
Mfungamano: hali ya chembe mbili au zaidi kuelezwa kwa wimbi moja lisilogawanyika.
Upimaji, kipimio, tokeo: kitendo, chombo na jibu.
Kipimika: kiasi kinachokubali kupimwa.
Kilichopo: kile ambacho nadharia hudai kipo, kipimwe au kisipimwe.
Kutobainika: hali ya jozi ya vipimika kutoweza kuwa na thamani kali kwa wakati mmoja.

HITIMISHO

Istilahi hizi ni mapendekezo, na hazijapitishwa. Huenda walimu wa fizikia wakaona kwamba *umahali* litachanganywa na matumizi yake katika sarufi, au kwamba *kima cha kutojua* halipendezi masikioni. Tutashukuru kuletewa maoni yao, hasa yakiandamana na sentensi walizozijaribu darasani, kwa sababu istilahi hupimwa katika sentensi.

Kwa wafasiri tuna ombi moja. Neno *imethibitishwa* linapoonekana katika matini ya sayansi, na waulize ni nini hasa kilichothibitishwa, na kwa masharti gani. Kisha wayaandike masharti hayo, hata kama sentensi itarefuka. Mswada tuliouanza nao ulirudishwa kwa mfasiri wake pamoja na maelezo. Ulipoletwa mara ya pili, sentensi ya mwisho ya aya ile ilisomeka kwamba majaribio yameonyesha kuwa hakuna vigeu fiche vyenye umahali vinavyoweza kueleza matokeo ya kwanta, na kwamba swali la asili ya unasibu bado linajadiliwa. Iliongezeka maneno kadhaa, nayo ilikuwa sahihi.